Mzabuni ametuuzia mashine ya kufuatilia sindano kwa sumaku bila kukagua chumba, kisha anawalaumu walimu

Ndugu wanajukwaa, hasa mlio kwenye vifaa tiba na mafunzo ya afya,

Taasisi yetu hapa Dodoma ilinunua mashine ya kujifunzia kuchoma sindano kwa kuongozwa na ultrasaundi, ambayo hutambua ncha ya sindano ilipo kwa kutumia uga wa sumaku na kuionyesha ndani ya miwani ya uhalisia pepe. Mzabuni aliahidi usahihi wa milimita 1. Chumbani kwetu, miwani inaonyesha ncha ikiwa kando ya mshipa wa sanamu ya mazoezi ilhali sindano yenyewe imeshaingia ndani, na kosa linaongezeka kadiri mkono wa mwanafunzi unavyosogelea ukingo wa kitanda cha chuma. Nimelalamika kwa simu na kwa barua; nikajibiwa kwamba walimu wetu hawajui kuitumia.

Jibu hilo ni la dharau, na si la kweli. Kizalishi cha uga, yaani kifaa kinachotoa uga huo wa sumaku, kina koili (nyaya zilizozungushwa) zilizopangwa kwa pembe mraba, na sensa iliyo kwenye sindano ina koili yake ndogo. Umeme unaoibuka katika koili hiyo ndio unaokokotolewa kuwa mahali na mwelekeo. Hesabu hiyo inafaa tu iwapo umbo la uga linajulikana. Nguvu ya uga hupungua kwa uwiano wa kipeo cha tatu cha umbali, yaani umbali ukiongezeka mara mbili inabaki sehemu moja ya nane, hivyo sensa iliyo mbali na kizalishi lakini karibu na chuma hupotoshwa kwa urahisi mno. Chumba chetu kina vitanda vya chuma, makabati ya chuma na nondo kwenye sakafu. Ustadi wa mkono wa mwalimu hauwezi kunyoosha uga uliopindishwa na nondo.

Fundi wao alidai kwamba aina yao hutumia mkondo mnyoofu unaowashwa na kuzimwa kwa mapigo, kwa hiyo chuma si tatizo. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa ndiyo inayotuumiza. Mapigo hayo huipa mikondo ya umeme ambayo uga huibua ndani ya aluminiamu au shaba, na ambayo nayo hupotosha kipimo, muda wa kufifia kabla ya kipimo kuchukuliwa. Chuma kinachovutwa na sumaku hakifanyi hivyo, kinaendelea kuupinda uga muda wote.

Wala hili si jambo jipya ambalo mzabuni angeweza kusema halijui. Kampuni ya Polhemus ya Marekani ilitumia teknolojia hii kufuatilia kofia za marubani, na ndani ya ndege iliyojaa metali ilibidi uga upimwe na kuchorwa ramani kwanza ili hesabu irekebishwe. Siipingi teknolojia yenyewe. Kamera haiwezi kuona mrija ulio ndani ya moyo au sindano iliyozama mwilini, lakini uga wa sumaku hupenya mwili wa binadamu bila shida, na ndiyo sababu madaktari wanaithamini. Hasira yangu ni kwamba anayejifunza kwa picha ya uongo ataibeba kwenda kwa mgonjwa.

Tunachodai ni kwamba mzabuni aje apime kosa hapa hapa, kwenye vitanda vyetu, kwa sensa iliyowekwa kwenye nukta zinazojulikana, kisha alipe gharama ya meza isiyo ya chuma au arudishe fedha. Treni ya SGR inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache tangu mwaka 2024, kwa hiyo umbali si kisingizio. Karatasi ya kiwandani inayoonyesha vipimo vilivyochukuliwa mahali pasipo na chuma hatutaipokea tena kama uthibitisho.

Kama kuna mwenzetu ambaye mkataba wake una kifungu cha kupima usahihi ndani ya chumba cha mnunuzi kabla ya malipo ya mwisho, naomba aweke maneno ya kifungu hicho hapa, kwa sababu wetu haukuwa nacho na zabuni nyingine ya aina hii inaandaliwa.