Naombeni ushauri: mdogo wangu ana TB sugu, mwanangu ana selimundu, ukoo unasema damu yetu imeharibika

Mama Mawese

Wakubwa shikamooni, rika langu habari za jioni.

Niko Kigoma mjini, nauza mawese Kibirizi. Shule niliishia kidato cha nne, kwa hiyo atakayenijibu naomba anieleweshe taratibu.

Mwanangu ana miaka minne na ana selimundu. Tuligundua akiwa na miezi minane, vidole vya mikono na miguu vilivimba akalia siku mbili mfululizo. Mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, ni mvuvi wa dagaa. Mwaka jana alipata TB, akaanza dozi, mwezi wa tatu akajiona mzima, akafuata wenzake kambini huko kusini upande wa Kalya. Dawa ziliisha akiwa huko, hakurudi kuchukua nyingine. Mwaka huu kikohozi kimerudi, analowa jasho usiku, suruali zinamvuka. Makohozi yamepimwa kwa mashine ya GeneXpert, majibu ni kwamba TB ipo na ni sugu kwa rifampisini, moja ya dawa za TB.

Kilichonileta hapa ni neno moja. Siku ya majibu muuguzi alituambia "ni mabadiliko ya vinasaba". Maneno hayo hayo niliambiwa kliniki ya mtoto miaka mitatu iliyopita. Foleni ilikuwa ndefu, hakupata nafasi ya kufafanua. Mimi nikafika nyumbani nikalirudia lile neno mbele ya watu, na hapo ndipo nilipoharibu. Baba mkubwa akasema basi ni kitu kimoja, damu ya ukoo imegeuka. Habari zikafika kwa wakwe watarajiwa wa mdogo wangu. Nusu ya mahari ilishapelekwa, sasa wameitisha kikao Jumamosi na wanataka kujua kama binti yao atazaa watoto wenye kifua. Na mdogo wangu mwenyewe anasema kama tatizo ni vinasaba, vidonge havibadilishi damu ya mtu. Leo siku ya nne hajaenda kuanza dawa mpya.

Je, ni kitu kimoja kweli? Niseme nini Jumamosi? Na huyu mdogo wangu nimshikeje?

Mzee wa Mwanga

Pole sana binti yangu. Mimi nakumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria. Tulikuwa tukimeza, mwili unawasha usiku kucha lakini asubuhi umepona. Baadaye ukimeza unawashwa tu na homa iko pale pale, mpaka serikali ikaiondoa mwaka 2001. Mwili ukizoea dawa ndiyo basi. Ningeshauri kijana asafishe damu kwanza kwa dawa za miti, akipumzika na vidonge mwezi mmoja hivi mwili utasahau, ndipo aanze upya.

Fundi Maabara, Tabora

Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima yako yote, hapo kwenye kupumzika nakukatalia, kwa sababu kijana huyu akikaa mwezi mmoja bila dawa atazidi kudhoofika na ataambukiza anaolala nao. Mwili haukuzoea klorokwini. Aliyebadilika alikuwa kimelea.

Dada Mama Mawese, hapo hapo ndipo lilipo jibu lako. Muuguzi hakusema uongo, ila hakusema vinasaba vya nani. Kwa mwanao, badiliko liko kwenye vinasaba vya mtoto mwenyewe, alivyovipata kwako na kwa baba yake. Kwa mdogo wako, badiliko liko kwenye vinasaba vya bakteria aliyemwingia kifuani. Damu ya mdogo wako haihusiki. Bakteria wakiisha, na lile badiliko limeondoka nao.

Nifafanue kwa kuwa umeomba. Vinasaba ni maandishi ya herufi nne, A, T, G na C. Seli huyasoma herufi tatu tatu, na kila tatu zinataja kipande kimoja cha kutunga protini, kinaitwa asidi-amino. Vipande vinafuatana kama shanga kwenye uzi, kisha uzi unajikunja wenyewe kupata umbo, na umbo hilo ndilo linaloipa protini kazi yake. Mtu akikuandikia "leta ndoo", herufi moja ikakosewa ikawa "leta ndoa", umeona habari inavyogeuka. Si kila kosa lina madhara, mengine yanapita bila protini kubadilika hata kidogo. Lakini yapo yanayoangukia mahali pabaya.

Wewe unauza mawese, kwa hiyo hili utalielewa kuliko wengi. Ukimwaga matone ya mawese kwenye beseni la maji, yanatafutana yanashikamana. Shanga za protini nazo ziko za namna hiyo: nyingine zinapenda maji, nyingine zina tabia ya mafuta. Himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba hewa, ina minyororo minne, miwili kati yake inaitwa beta, kila mmoja una shanga 146. Kwa mwenye selimundu shanga ya sita imebadilika. Palipoandikwa GAG pameandikwa GTG, na nafasi ya shanga ya glutamati inayopenda maji imekaliwa na valini yenye tabia ya mafuta. Shanga moja tu! Himoglobini ikishaachia hewa yake, ile valini inajibanza kwenye kishimo cha himoglobini ya jirani, jirani naye anashika mwingine, zinaungana kuwa nyuzi ndefu ngumu, na chembe ya damu inavutwa inakuwa kama mundu. Chembe hizo zinaziba mishipa midogo. Vile vidole vya mwanao vilivimba kwa sababu hiyo. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti, na mwaka 1957 Vernon Ingram akaionyesha shanga yenyewe. Mimi niliposoma jambo hili chuoni nilikaa kimya muda mrefu, maana nina binamu aliyefariki kwa ugonjwa huu akiwa darasa la tano.

Utauliza mbona alikaa miezi minane bila dalili. Mtoto mchanga huzaliwa na himoglobini ya tumboni, ambayo haina mnyororo wa beta, ina mwingine. Ikianza kupungua, ya beta inachukua nafasi, na maumivu yanaanza. Dawa ya haidroksiyurea, kama kliniki wamempangia, inasaidia mwili kurudia kutengeneza ile ya utotoni. Herufi haijasahihishwa, ila madhara yake yamepunguzwa.

Sasa tuje kwa bakteria. Ana protini inayonakili maagizo ya vinasaba vyake. Rifampisini hukaa ndani ya protini hiyo, mbele ya njia inapotokea nakala. Nakala ikitoka herufi mbili tatu inagonga dawa, inakwama, bakteria anakufa. Kwenye jeni ya protini hiyo, yaani kile kipande cha vinasaba kinachoiagiza, kuna sehemu ya herufi 81 ambako asilimia 95 hivi ya mabadiliko ya usugu hutokea, na GeneXpert inaangalia sehemu hiyo. Badiliko linaloonekana sana ni TCG kuwa TTG: serini, iliyokuwa inaishika dawa, inaondoka, inaingia lusini, pana zaidi na yenye tabia ya mafuta. Rifampisini haipati tena pa kukaa. Bakteria anaendelea kunakili kana kwamba hujameza kitu.

Na bakteria hajifunzi wala hazoei. Kwenye pafu lenye tundu wanaweza kuwa mamia ya milioni, na katika kuzaliana makosa ya herufi hutokea yenyewe, hata kabla dawa haijamezwa. Asiyesikia rifampisini anakadiriwa kuwa mmoja kati ya milioni 100, asiyesikia isoniazidi, dawa nyingine ya TB, mmoja kati ya milioni moja. Mwenye makosa yote mawili kwa pamoja ni nadra mno, ndiyo maana TB hutibiwa kwa dawa nne kwa mpigo. Mgonjwa akimeza nusunusu, wanyonge wanakufa, wachache waliobadilika wanabaki na nafasi tele ya kuzaliana.

Mama Mawese

Nimesoma mara tatu, na mara ya tatu nimemsomea mdogo wangu. Ile ya mawese ameielewa. Lakini amenijibu jambo lililoniumiza: "Kwa hiyo ni mimi niliyewatengeneza." Tangu hapo hasemi. Na anauliza, kama dawa kali kuliko zote imeshindwa, hizo nyingine zitaweza nini?

Fundi Maabara, Tabora

Mwambie mambo mawili. La kwanza, hakuna ajuaye kama yeye ndiye chanzo. Kambini watu wanalala wamebanana, na inawezekana kabisa alivuta hewa yenye bakteria waliokwisha kuwa sugu kutoka kwa mtu mwingine. Kuacha dawa ni hatari, hilo asilifiche, lakini asijihukumu.

La pili ni hili la dawa. Herufi iliyobadilika imeharibu kiti cha rifampisini peke yake. Bedakwilini, mojawapo ya hizo nyingine, haikai hapo, inaishambulia protini nyingine inayompa bakteria nguvu. Linezolidi inaikamata mashine inayounga zile shanga. Kwa dawa hizo bakteria aliyebadilika kwa rifampisini bado ni bakteria wa kawaida. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2022 mchanganyiko wa vidonge wa miezi sita kwa TB ya namna hii, bila sindano. Daktari ndiye atakayeamua kama unamfaa. Lakini asizimeze nusunusu hizi nazo, kwa kuwa hata bedakwilini ina herufi zake zinazoweza kubadilika.

Mnyamwezi wa Nzega

Mimi nimepita njia hiyo, dada. Enzi zetu TB sugu ilimaanisha kusafirishwa hadi Kibong'oto, Kilimanjaro. Sindano kila siku kwa miezi, vidonge karibu miaka miwili. Nilipona. Sikio la kushoto halisikii vizuri mpaka leo, zile sindano ndizo zilizolichukua. Mdogo wako akisikia miezi sita bila sindano na bado anakaa nyumbani, mwambie kuna mtu Nzega anamwomba asimame aende kesho asubuhi.

Mambo ya nyumbani: alale chumba chake, dirisha wazi mchana na usiku, avae barakoa akiwa na watu ndani. Sahani na vikombe havina shida, TB inasafiri kwa hewa, kwa hiyo msimtenge kwa chakula, inauma sana kulishwa pembeni kama mbwa. Akianza dawa akahisi ganzi nyayoni, macho kufifia au moyo kwenda mbio, aseme siku hiyo hiyo. Mimi nilificha ganzi wiki tatu nikiogopa wataniachisha dawa. Wasingeniachisha, wangepunguza tu.

Na mwambieni mapema mratibu wa TB wa wilaya kwamba yeye ni mvuvi. Kuna siku za giza anakwenda ziwani na siku za mbalamwezi yuko nyumbani, wapange naye dawa kwa kalenda hiyo. Mwaka jana labda hakuna aliyemuuliza.

Bint Ujiji

Dada, kuhusu kikao. TB sugu hairithiwi, na akitibiwa akapona ataoa na kuzaa kama mtu yeyote. Hilo uliseme bila kupepesa macho.

Ila naomba ulisikie na hili, mimi ni mkunga. Wakwe wameuliza swali sahihi kwa ugonjwa usio sahihi. Wewe una mtoto mwenye selimundu, maana yake umebeba jeni moja, na ulipewa na baba au mama. Mdogo wako wa tumbo moja naye anaweza kuwa ameibeba, nusu kwa nusu. Akiwa nayo haumwi chochote, tena wenye jeni moja wana kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo sababu imeenea sana kwenye nchi zetu za mbu. Lakini kama na binti anayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa kama mwanao. Wapime wote wawili kipimo cha aina ya himoglobini. Ukilisema wewe mwenyewe Jumamosi, kabla hawajaulizana chini chini, watakuamini na lile la TB.

Mzee wa Mwanga

Nimesoma yote. Binti yangu, yale ya dawa za miti nayarudisha. Aende akaanze dawa. Kama kikao ni huku mjini na unataka mtu mzima wa kukaa upande wako, niandikie faraghani.

Mama Mawese

Mzee wangu, nimekuandikia. Mdogo wangu ameanza dawa leo asubuhi, nimemsindikiza mwenyewe, amemeza mbele ya muuguzi. Ameomba nikamwombee ruhusa kwa tajiri wa mtumbwi, nitakwenda jioni.

Limebaki moja. Wametutaka wote wa nyumba ile tukapimwe keshokutwa. Mwanangu alikuwa akilala na mjomba wake mpaka wiki iliyopita. Hajui kutema makohozi, anayameza. Watampimaje?

Fundi Maabara, Tabora

Kama anayameza, basi yako tumboni na yatatoka chooni. GeneXpert inaweza kupima choo cha mtoto, kiasi kidogo tu. Uliza kama kituo chenu wanafanya, vinginevyo watavuta majimaji ya tumbo kwa mrija. Mueleze daktari mambo mawili kabla hajaandika chochote: kwamba mtoto ana selimundu, na kwamba TB iliyoko nyumbani ni sugu kwa rifampisini, maana dawa ya kinga hupangwa kwa kuangalia hilo. Nenda na kadi yake ya kliniki na majibu ya mjomba wake, yote mawili.