Sitafuti mchumba humu, natafuta mpinzani

Wakuu, habari za usiku.

Modereta, nakuwahi mapema: uzi huu usiupeleke kule jukwaa la mapenzi. Nimeshaona zaidi ya mara moja mwanamke anafungua uzi wa gemu, ukiamka asubuhi unaukuta umekaa katikati ya "ameniacha nifanyeje" na "natafuta mume mwenye hofu ya Mungu". Uzi huu ni wa gemu na anime, zile katuni za Kijapani.

Nina hasira, na sina mpango wa kuipoza kwanza ndipo niandike. Nikiipoza nitaanza kuwa na adabu, halafu mtasema kumbe halikuwa jambo kubwa.

Kisa chenyewe. Kuna grupu moja la anime, sitalitaja, wahusika mmo humu na mnajijua. Nimekaa mle miaka miwili. Jina nililotumia ni la mhusika wa kiume, picha ya upanga. Sikumdanganya mtu. Hakuna aliyeuliza, na sikuona kwa nini nipige hodi kwa kutangaza jinsia. Miaka miwili yote nilikuwa "mkuu", "mwamba", "kaka mkubwa". Ile orodha ya episodi za kuruka, ambayo mpaka leo mnawatumia wageni, niliitengeneza mimi, ilinila wikendi tatu. Sabtaito za Kiswahili za msimu mzima wa mfululizo mmoja tulizifanya mimi na kijana mmoja wa Mwanza, tunasubiri usiku wa manane bando la bei nafuu. Aliyewahi kutafuta Kiswahili cha mtu anayeapa kulipiza kisasi cha ukoo mzima, na kikae kwenye mstari mmoja chini ya kioo kwa sekunde mbili, anajua ninachosema.

Jumapili moja nikaulizwa swali kuhusu mipaka ya nguvu za mhusika fulani. Mikono ina unga, nakanda maandazi (ndiyo, nilikuwa jikoni, chekeni mmalize tuendelee). Badala ya kuandika nikabonyeza maikrofoni kwa kidole kidogo, nikajibu kwa sauti. Sekunde 19.

Grupu la watu mia tatu na kitu likanyamaza. Kisha akajitokeza mmoja: "We ni demu???" Alama tatu za kuuliza, utadhani kakuta nyoka chooni.

Maandazi hayajaiva, inboksi ina watu saba. Mmoja anauliza naishi wapi. Mwingine anauliza kama nina mtu. Mwingine, ambaye wiki moja nyuma tulitukanana mpaka admini akatutenganisha, ananiambia alijua siku nyingi mimi ni mwanamke kwa sababu "unaandika kwa upole". Kwa upole! Nilimwita boga lililooza.

Lakini hao sikuwajali sana. Aliyeniuma ni mwingine, tumwite Jamaa wa Mbeya. Huyo ndiye alikuwa mbishi wangu. Nikiandika aya tatu, yeye anarudi na tano. Nikisema mhusika fulani kaandikwa vibaya, ananipeleka mpaka sura ya kitabu, ukurasa, na picha kakata kwa mshale mwekundu. Nilikuwa natoka kazini naharakisha kufika nyumbani nione kaandika nini. Baada ya ile sauti akaniomba radhi kwa maneno makali aliyowahi kuniandikia. Nikasema sawa, huyu kalelewa. Kumbe ndiyo ikawa kwaheri. Tangu siku hiyo nikiandika hoja anajibu "sawa mrembo". Nikiandika upuuzi wa makusudi, kabisa, kosa ambalo hata mtoto angelishika, anajibu "uko sahihi dada". Miaka miwili ya ubishi imekufa kwa sekunde 19. Mnadhani heshima ni kuacha kunibishia?

Wiki ileile uchambuzi wangu uliokuwa umebandikwa juu ya grupu ukabanduliwa. Nikamuuliza admini. Akasema eti watu wanauliza nani aliniandikia.

Halafu mtihani ukaanza. Mwanaume akiingia grupuni anaambiwa "karibu mwamba", basi, akae hata mwezi mzima bila kusema neno. Mwanamke akiingia, au akigundulika kama mimi, anakalishwa kama darasa la saba. Taja makapteni wote kwa mpangilio. Taja episodi aliyokufa fulani. Bwana mmoja alijiteua msahihishaji, akanitupia swali la Fullmetal Alchemist, manga (katuni ya kitabu) ya Kijapani, halafu akaongezea kwa madaha kwamba "jamaa aliyeichora ana kichwa sana, hii siyo ya watoto wa kike".

Jamaa!

Aliyeichora ni Hiromu Arakawa, na ni mwanamke. Kazaliwa 1973 Hokkaido, kwenye familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ndiyo maana akijichora mwenyewe anajichora ng'ombe mwenye miwani. Jina lake halisi ni Hiromi. Alipokuwa anaandikia jarida la wavulana, kuanzia 2001 mpaka 2010, akatumia Hiromu, lisikike kiume. Yeye alibadilisha herufi moja, mimi nikaweka picha ya upanga. Nikamwandikia msahihishaji wangu hayo yote. Akajibu: "Google imekusaidia."

Sikumtajia Rumiko Takahashi, ambaye amekuwa akichora tangu 1978 na mwaka 2019 Wafaransa wakampa tuzo kuu ya tamasha la katuni la Angoulême. Niliogopa angeniambia naye ni babu wa mtu.

Sasa najua watakuja wa "hata sisi wanaume tunatukanwa, ndiyo utamaduni wa gemu, zoea". Jamani, tambo nazijua kabla sijashika pedi ya gemu. Babu yangu alikuwa mcheza bao Tanga. Barazani kwake, mtu akikosa cha kula akabaki anatakata tu, babu anamwuliza kama amekuja kucheza au kufanya usafi. Watu walikuwa wanaondoka wamenuna, kesho wamerudi kabla ya alasiri. Tambo inakushika kwenye ulichocheza. Nikikosea kukinga, niambie mikono yangu imeoza. Niambie pedi nilinunua mnadani. Nitacheka, na raundi ijayo nitakulipa. Ukiniambia nikapike, hapo mchezo wangu hujaugusa, unanionyesha mlango.

Na hili la mlango nililiona vizuri mwaka jana kwenye mashindano ya Tekken, gemu ya kupigana, banda moja la mtaani, kiingilio 5,000, watu 16, mwanamke peke yangu. Mratibu ananiuliza, "Unamsindikiza nani, dada?" Nikamwekea noti mezani. Mechi ya kwanza nikamchapa jamaa raundi tatu kwa moja. Akasema pedi ina shida. Pedi ikabadilishwa na mechi ikarudiwa, jambo ambalo halikufanyika kwa mtu mwingine yeyote siku nzima. Nikamchapa tena, tatu bila.

Hawakunizomea mimi. Walimzomea yeye. "Umepigwa na demu! Vua kaptula hiyo!" Mwingine alikuwa anarekodi, na video ikafika kwenye magrupu kabla hatujamaliza robo fainali. Jamaa hakuonekana bandani miezi miwili, na nakiri nilimhurumia. Ila baadaye, kwenye daladala, nikapiga hesabu. Akinishinda, hajashinda kitu, si kampiga mwanamke. Nikimshinda, kapata aibu ya mtaa mzima. Sasa mwenye akili timamu atakaa na mimi kwa faida gani? Ndiyo maana nikifika bandani kila mtu "anasubiri mwenzake". Ndiyo maana nafanya mazoezi na kompyuta. Halafu mnakuja kuniambia wanawake hawana kiwango! Kiwango kinatoka wapi bila kupigwa na watu?

Robo fainali nilitolewa na dogo wa miaka kama kumi na sita. Alinipiga vizuri, bila huruma. Tulipomaliza akaniambia, "Dada, kinga yako ya chini mbovu, nimekula hapohapo tu." Niseme ukweli, hilo ndilo neno zuri kuliko yote niliyoambiwa siku ile. Nimeifanyia kazi kinga ya chini tangu hapo. Dogo kama unasoma, nakutafuta.

Kenya yuko Sylvia Gathoni, wa gemu mnamjua kwa jina la QueenArrow, ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya nje kucheza Tekken huku bado anasoma sheria chuo. Mtajeni kwenye magrupu yetu, halafu hesabuni ni jibu la ngapi litakalouliza kama ameolewa.

Kuna na hawa wa "nyie mmekuja juzi, mmeletwa na TikTok". Nani kaja juzi? Comiket, ile soko kubwa ya mashabiki Tokyo, ilipofanyika mara ya kwanza Desemba 1975 walikuja watu kama 700, na wengi wao walikuwa wasichana waliokuwa wanapenda manga za kike. Star Trek, tamthilia ya safari za anga, ilipotaka kufutwa Marekani, kampeni ya barua iliyoipatia msimu wa tatu mwaka 1968 iliongozwa na Bjo Trimble, mwanamke, pamoja na mumewe. Wewe umezaliwa 2001 unaniambia nimekuja juzi. Na msiniambie haya ni mambo ya kizungu. Siti binti Saad alipoingia kwenye taarabu, iliyokuwa ya wanaume na ya Kiarabu, si walimtungia wimbo wa kumkumbusha kaniki aliyokuja nayo mjini? Mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri.

Wa "ni utani tu wa mtandaoni" nao nisiwasahau. Mwaka 2014 Marekani, mpenzi wa zamani wa mtengeneza gemu Zoë Quinn aliandika waraka mrefu wa kumwanika mtandaoni. Ikageuka miezi ya vitisho kwake na kwa wanawake wengine wa fani. Oktoba mwaka huohuo Anita Sarkeesian, mchambuzi wa gemu, akafuta mhadhara wake Chuo Kikuu cha Utah State, kwa sababu mtu alitishia kuja kuua watu, na chuo kikasema kwa sheria ya jimbo hakiwezi kumzuia mwenye kibali cha silaha kuingia nayo ukumbini. Huo ndio utani ukikua.

Wa kwetu haujafika huko, ila unatambaa. Rafiki yangu alikuwa anachora, na mashabiki wakampenda kuliko hata wachoraji wanaume wa lile grupu, na alikuwa haogopi kubisha. Siku moja kashinda ubishi. Kesho yake uso wake umebandikwa kwenye mwili wa uchi, picha inazunguka, na walioisambaza ni haohao aliowachorea profaili zao bure. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, nikamwambia twende tukaripoti. Tukaenda. Swali la kwanza aliloulizwa mezani: "Kwani usiku huo ulikuwa unafanya nini na wanaume huko?" Akachukua mkoba wake tukaondoka. Kafuta akaunti zote. Kuchora kaacha, anauza mikoba, na mikoba yenyewe haina hata ua moja alilochora.

Na dada zangu mnaoandika "mimi sipendi kuwa na wanawake kwenye grupu, wana drama", nawaona. Nilikuwa hivyohivyo wakati nina upanga kwenye profaili. Nilicheka na wao mabinti walipokuwa wanakalishwa mtihani. Mmoja alikosea swali la tatu nikamwekea kikatuni cha kucheka. Hilo linanikaa kooni kuliko hata boga lililooza.

Siombi ulinzi. Siombi grupu la wanawake tu, ingawa ninalo sasa, lina watu 14 na lina kelele kuliko la kwenu. Kwenye lile la mwanzo nilitolewa wiki iliyopita, sababu iliyoandikwa: "analeta jinsia kwenye mambo ya anime". Mimi ndiye niliyeileta!

Sabtaito zangu bado mnazitumia. Msimu wa pili hamtaupata.

Jamaa wa Mbeya, najua unapita humu. Ile hoja yangu ya mwezi uliopita kuhusu episodi ya mwisho ilikuwa mbovu kuanzia mstari wa kwanza, na ulijua. Njoo uibomoe hapa chini mbele za watu, kwa aya tano kama zamani.

Wengine, Jumamosi kuanzia saa kumi nipo kwenye banda lilelile. Kiingilio nakulipia. Uje na pedi yako mwenyewe, tusije tukasumbuana. Na yule atakayeandika "weka picha" humu ndiye nitakayeanza naye.