Wafanyabiashara na ikulu katika tamthilia za kale za China: uanze na ipi kati ya hizi tatu?

Kibaba
Wakuu, salaam. Mtu anayetaka tamthilia ya China ya enzi za wafalme ambamo biashara ndiyo kiini, si wivu wa wake wa mfalme, aanze na ipi? Mezani zimebaki tatu:

Ming Dynasty 1566 (2007, sehemu 46)
Qiao's Grand Courtyard (2006, sehemu 45)
Nothing Gold Can Stay (2017, sehemu 74)

Kigezo ni hiki: ushindani uonekane kwa hesabu. Nani ananunua nini, kwa mtaji wa nani, na mkono wa serikali unaingilia wapi. Mavazi na nyimbo tuziache.

KaraniWaHundi
Qiao, bila kusita, kwa sababu inaanzia dukani. Kule kwenye mji wa Baotou nyumba ya Qiao inagombea mtama na wapinzani wao, Dashengchang. Mchezo wenyewe ni kununua shehena yote ya soko mpaka bei iwe mkononi mwako. Kaka mkubwa ametia mtaji wote humo: ghala limejaa, fedha taslimu hakuna, wadai wako mlangoni. Anakufa, na mdogo wake Qiao Zhiyong, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa utumishi wa serikali, anarithi madeni. Anaoa kwenye nyumba yenye fedha ili mkwewe amkopeshe, kisha anawafanya wapinzani waamini kwamba bado ananunua. Wao wanapandisha bei, yeye anawauzia mtama wake kimyakimya. Kosa la marehemu ni lile lile la kila mlanguzi: mzigo si fedha mpaka uuzike, na riba haingoji msimu.

Ila utamu wenyewe uko kwenye hundi. Nyumba ya kwanza ya hundi, Rishengchang ya mji wa Pingyao, ilitokana na duka la rangi karibu mwaka 1823. Kabla ya hapo fedha ilisafirishwa kwa mikokoteni na walinzi wenye silaha. Kwa hundi unaweka fedha Pingyao, unalipwa Beijing. Kinga yake ilikuwa ya tabaka: karatasi yenye alama inayoonekana ukiielekeza kwenye mwanga, mwandiko wa karani maalumu ambao matawi yote yanaujua, na maneno ya siri mahali pa tarehe na kiasi. Miezi 12 iliwakilishwa na herufi 12 ambazo zikisomwa kwa mfuatano zinaonya: jihadhari na hundi bandia, usisahau kukagua muhuri. Siri ikibadilishwa kila baada ya muda.

Kwa hiyo karani aliyeondoka na kinyongo alikuwa hatari kuliko mnyang'anyi wa njiani. Dawa yake ilikuwa hisa za aina mbili, za mtaji na za kazi. Aliyetumika vizuri anapata gawio bila kutoa hata senti, na hesabu hufungwa kila baada ya miaka 3 au 4. Kisa cha Ma Xun, karani aliyetaka kuacha kazi, kimejengwa juu ya jambo hili.

Bi Mizani
Kwenye hundi sina neno, Karani. Lakini Kibaba ameuliza na serikali inaingilia wapi, na hapo Qiao ni nyepesi. Mkubwa anatokea, anazuia, anapewa maelezo, yanaisha. Nenda 1566.

Tazama sehemu ya kwanza tu. Ni kikao cha kufunga hesabu za mwaka, wizara zimetumia kuliko zilivyopangiwa, na mawaziri wanavutana nani atie sahihi kwenye ziada. Mfalme Jiajing haonekani. Yuko upande wa pili, anasikiliza, na akiridhika anagonga chombo cha shaba. Mlio mmoja, mamilioni yamepita.

Hazina ni tupu, basi inakuja hoja: mashamba ya mpunga ya jimbo la Zhejiang yapandwe miforosadi, hariri iuzwe ng'ambo. Kwenye karatasi hesabu inakubali, maana ekari ya forosadi inaingiza zaidi ya ekari ya mpunga. Inakwama kwa mkulima. Tumbo linataka mchele mwaka huu, mche mchanga hauna majani ya kulisha viwavi wa hariri, na akiba ya nafaka ya kumvusha haipo. Wakulima wanagoma. Ndipo maofisa wanabomoa kingo za mto, mashamba yanafurika, na ekari inauzwa kwa bei ya kutupa ili watu wale.

Mnunuzi aliyeandaliwa ni Shen Yishi, tajiri wa hariri. Huyu ndiye wa kumtazama kwa makini. Viwanda vinaitwa vyake, lakini kazi ni ya Ofisi ya Ufumaji ya mfalme, inayosimamiwa na towashi Yang Jinshui. Mtaji anao, uhuru hana. Anapotumwa na mashua za nafaka kwenda kununua ardhi, anatundika taa zenye jina la Ofisi ya Ufumaji. Maofisa wa jimbo wanatokwa na jasho: ardhi ya wenye njaa ikinunuliwa chini ya taa zile, mnunuzi ni mfalme mwenyewe, na nani atathubutu kuliandika hilo? Mwisho nafaka inagawiwa kama msaada kwa amri ya mfalme. Shen anajua kilichobaki, anajichoma pamoja na hariri yake. Yanayobaki kusumbua watu ni madaftari yanayoonyesha fedha ilikwenda kwa nani.

Tahadhari moja: mpango ule wa forosadi ni ubunifu wa mwandishi wa mchezo. Watu ni wa kweli. Yan Song, waziri mkuu wa Jiajing, aliondolewa madarakani 1562, na Hai Rui alikuwa kweli mkuu wa wilaya ya Chun'an kabla ya kumwandikia mfalme waraka wake mkali mwaka 1566. Na mji wa kale wa Chun'an leo uko chini ya maji, ila ni ya bwawa la umeme la 1959.

PambaNyeupe
Mnaiacha Nothing Gold Can Stay kwa sababu ya mapenzi yake, nami sikatai, katikati pale inachosha. Lakini ndiyo pekee kati ya hizi tatu ambayo mwanamke ndiye anayeshika daftari. Zhou Ying alikuwepo kweli, mjane wa nyumba ya Wu huko Jingyang, Shaanxi. Nyumba inaangushwa na zabuni ya dawa ya kubandika ya jeshi. Mshindani anayewasumbua zaidi, Du Mingli, ni mtu wa mwanamfalme Zaiyi, kwa hiyo hana haja ya kuuza kwa bei nafuu wala kuwa na mzigo bora. Akishindwa sokoni anakwenda ofisini. Hiyo ni siasa tosha.

Ukiamua kurukaruka, ruka vilio vya wapenzi, usiruke pale anapowapa wafanyakazi hisa. Na mwisho, mwaka 1900, Cixi, mama mfalme aliyeshika utawala, amekimbia Beijing mbele ya majeshi ya mataifa nane na yuko Xi'an.

KaraniWaHundi
Mwaka huo huo uliwagusa Qiao pia. Msafara wa Cixi ulipopita Shanxi ulipumzika kwenye nyumba yao ya hundi, Dadetong, huko Qixian. Fidia ya 1901 kwa mataifa yale ilikuwa liang (kipimo cha uzito wa fedha) milioni 450, na majimbo yalipitisha sehemu kubwa ya malipo yao kwenye nyumba za hundi. Hapo ndipo zilinona, na hapo hapo zikazoea kutegemea kazi ya serikali. Benki ya serikali ilipofunguliwa 1905 ikaanza kuwanyang'anya kazi hiyo, na mapinduzi ya 1911 yakawakuta wakidai madeni yasiyolipika.

UziMbichi
Mkitaka mashindano ya watu wawili hasa, wa nne ni Hu Xueyan wa Hangzhou, aliyeigizwa mara kadhaa. Benki yake Fukang ilimtafutia jemadari Zuo Zongtang mikopo ya vita vya Xinjiang kwa mabenki ya kigeni, dhamana ikiwa mapato ya forodha. Katika mkopo wa 1877 serikali ilitozwa asilimia 1.25 kwa mwezi, wakati benki ya kigeni ilitaka karibu 10 kwa mwaka. Upande wa pili yuko Sheng Xuanhuai, mtu wa Li Hongzhang, mkubwa wa serikali aliyeshindana na Zuo, mwenye meli na simu za waya.

Hu akalangua hariri mbichi ili awakomoe wanunuzi wa kigeni. Wakagoma, mzigo ukalala, bei ikaporomoka. Awamu ya mkopo ikafika na fedha iliyopaswa kupita kwa mkuu wa Shanghai ikachelewa. Inasimuliwa kwamba ni Sheng aliyemshawishi aikalie. Hu akalipa kwa amana za wateja, wateja wakapata fununu, Desemba 1883 Fukang ikafunga milango. Alikufa 1885, cheo kimeshavuliwa. Ni mtama wa Baotou ule ule, ila safari hii hakuna mkwe wa kukopesha.

Bi Mizani
Uzi kanena.

JichoLaManukuu
Mambo matatu yanayowapoteza wengi. Kwanza, mtu mmoja ana majina matatu. Katika 1566 Hu Zongxian, mkuu wa jimbo la Zhejiang, ataitwa Hu Butang kwa cheo na Ruzhen na walio karibu naye, na Yan Song ni "Gelao". Andikeni pembeni, la sivyo mtadhani ni watu wapya. Pili, liang ni uzito wa fedha, si sarafu. Ile ya hazina ya nasaba ya Qing ni karibu gramu 37, lakini kila mji ulikuwa na mizani yake, na nyumba za hundi zilipata faida kwenye tofauti hiyo. Tatu, miaka huhesabiwa kwa mfalme: mwaka wa 40 wa Jiajing ni 1561.

Kibaba
Basi nitafuata hivi: Qiao mpaka mtama wa Baotou uishe, kisha 1566 yote, Zhou Ying baadaye.

Bi Mizani
Sawa. Ukifika kwenye mashua za Shen simamisha picha, tazama taa zenyewe. Manukuu mengine hutafsiri maneno ya midomo tu, maandishi ya kwenye taa hupita hivi hivi.