Transfoma inazeeka, hela ya matengenezo inafyekwa kila mwaka, ikiungua lawama kwa fundi!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Kuna transfoma naihudumia, ina zaidi ya miaka 30. Pembeni ina kopo la silika jeli, zile punje zinazonyonya unyevu wa hewa kabla haijaingia kwenye tangi la mafuta. Zikiwa nzima huwa za bluu. Hizi zimegeuka pinki, miezi saba sasa. Nimeandika ripoti tatu kuomba punje mpya, kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mtambo huo! Jibu la wakubwa ni lile lile: "Si inafanya kazi?"

Inafanya kazi huku inakufa! Uhai wa transfoma uko kwenye karatasi inayofunika koili, zile nyaya zilizosukwa ndani, ili umeme usipige shoti. Mafuta utayachuja au kuyabadilisha, gasketi utaweka mpya. Karatasi ikishaoza hairudi, mpaka usuke koili upya, na gharama yake jiandae. Adui zake ni maji na joto. Kwa karatasi ya kawaida, sehemu yenye joto kali zaidi ikivuka nyuzi 98, kila nyuzi 6 zinazoongezeka kasi ya kuchakaa inakuwa mara mbili. Na hapa feni mbili za kupoza zimekufa, mzigo wa umeme wameongeza!

Nilitoa sampuli ya mafuta kwa mkono wangu. Kahawia iliyokolea, yananuka kuungua. Nikaomba yakapimwe gesi maabara, maana ikionekana asetilini ujue ndani kuna cheche zinapiga. Wakakataa, eti gharama.

Halafu mwaka ukiisha wanapongezana wamebana matumizi! Matumizi gani? Transfoma kubwa haiokotwi dukani, inaagizwa ndipo itengenezwe, na kusubiri kunaweza kupita mwaka mzima. Muda wote huo jenereta linakunywa dizeli. Hiyo hela itatoka fungu gani? Hata wakinunua mpya wanaangalia bei ya siku hiyo tu. Umeme unaopotelea kwenye chuma chake usiku na mchana, hata bila mzigo, miaka yote itakayokaa pale, hakuna anayeujumlisha. Inaniuma sana hii.

Nakala za ripoti zangu ninazo, zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Siku ikilipuka sikubali kuitwa mzembe. Na tuombe asiwepo mtu karibu.

Mliopitia haya, mliwabanaje wakubwa hadi wakatoa hela?