Mjadala: Tukihubiri kwamba wema utashinda mwishoni, je, tunamnyamazisha aliyedhulumiwa leo?

MWALIMU WA JUMAPILI, UMOJA

Bwana asifiwe, na asalaam aleikum kwa ndugu zetu Waislamu. Swali hili limeninyima usingizi tangu mazishi ya Jumamosi iliyopita. Kijana wa mtaa wetu alipigwa risasi usiku akitoka kazini, na aliyempiga hajulikani hadi leo. Mhubiri alisimama kando ya kaburi akasoma Ufunuo 21, pale Mungu anapofuta kila chozi na mauti haipo tena. Tukaitikia amina. Kisha akafunga Biblia, akamgeukia mama mfiwa: "Mama, mwachie Mungu. Usifuatefuate. Mwisho wa waovu umeshaandikwa." Vijana wawili walioona mambo yalivyotokea walikuwa tayari kuandikisha taarifa. Baada ya maneno yale walirudi nyuma. Tukala, tukatawanyika.

Kitabu hichohicho ndicho ninachofundisha watoto kila Jumapili, na sura ile naiamini neno kwa neno. Ndiyo maana nimeumia.

Yohana aliandika akiwa kisiwani Patmo, akiyaandikia makanisa saba ya Asia yaliyoishi chini ya Roma. Someni sura ya 18 polepole. Wafanyabiashara wa Babeli wanalia kwa sababu hakuna wa kununua mizigo yao, na mwandishi anaitaja mizigo yenyewe mmoja mmoja: dhahabu, fedha, lulu, kitani, pembe za ndovu, mvinyo, unga, ng'ombe, magari, hadi anafika mwisho kabisa, miili na roho za wanadamu. Huyo si mtu anayetaka tusifuatefuate. Amekagua ghala la mdhalimu na kuandika kila alichokikuta humo. Tena katika sura ya 6 waliouawa kwa ajili ya neno la Mungu wako chini ya madhabahu, na hawaimbi. Wanalia kwa sauti kuu: hata lini? Wanadai damu yao ipatiwe haki, na Mungu hawakemei.

Hapa Nairobi tumewahi kuliona tumaini la namna hiyo. Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park wakifunga, wakidai wana wao waachiliwe. Polisi walipowavamia Machi 3, baadhi yao walivua nguo, na kwa wengi wetu mama akivua nguo mbele ya wanawe ni laana. Mwanaharakati Wangari Maathai, aliyekuwa pamoja nao, alipigwa hadi akazirai. Wakahamia kanisa la All Saints, wakaishi humo karibu mwaka mzima. Waliomba na kuimba, na madai yao hawakuyaacha hata siku moja. Kwa nini sisi tumejifunza kuomba ili tunyamaze?

Nawasikiliza.

KIJANA WA MATHARE

Mwalimu, kwa heshima zote, unawatetea watu wasiokuwepo tena. Hao wa 1992 wako wapi leo? Mimi nimelelewa kanisani na nakuambia nilichokiona. Aprili 2024 mto ulipofurika ukabeba watu na nyumba, nilisikia mahubiri kwamba ni ishara za nyakati. Sikusikia hata mmoja akiuliza kwa nini maskini wa mji huu hana pa kujenga ila ukingoni mwa mto. Baada ya maji yakaja matingatinga, nyumba zilizobaki zikabomolewa, na bado tukaambiwa tuvumilie, makao yetu yako juu.

Na Shakahola je? Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni kule Kilifi kuanzia 2023, watoto wakiwemo. Wale watu walifunga hadi kufa kwa kuahidiwa kwamba wanakwenda kukutana na Yesu. Usiniambie hilo halihusiani na mafundisho ya siku za mwisho.

Halafu endelea kusoma hiyo sura ya 6 uliyoitaja. Mstari wa 11 unasemaje? Wanapewa nguo nyeupe, wanaambiwa wapumzike muda kidogo zaidi. Ndiyo jibu lao. Wamelilia haki, wakapewa nguo na kuambiwa wangoje. Huyo mhubiri wa mazishi hakukosea, Mwalimu. Alisoma mstari uliofuata.

MAMA WA MARIKITI

Wanangu, mimi sijasoma kama ninyi. Naamka saa tisa usiku kuwahi sukuma pale Marikiti, mgongo unauma, na mwanangu wa pili nilimzika. Alikufa kwa ugonjwa uliotibika, tatizo lilikuwa pesa. Kijana wa Mathare, ukiniambia tumaini la kumwona tena ni dawa ya usingizi, sijui unataka niamke vipi kesho. Mimi silali. Ni hilo ndilo linaloniamsha.

Lakini huyo mhubiri alikosea kumwambia mama asifuatefuate. Hata mimi nilitaka kufuata nikakosa wa kunishika mkono.

MWANAFUNZI WA THEOLOJIA, KAREN

Niongeze jambo ambalo naona halijaguswa. Biblia yenyewe inawajua watu waliolielewa tumaini hili vibaya. Kule Thesalonike wengine walikuwa wameacha kazi, na Paulo akawaandikia kwamba asiyetaka kufanya kazi, na asile. Katika Yeremia 28, Hanania aliwatangazia watu kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka miwili. Utabiri mtamu, wa ushindi wa haraka. Yeremia akamwambia ni mwongo, kisha sura ya 29 akawaandikia waliohamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuutakia amani mji ule walimofungwa. Aliwaahidi miaka sabini. Wengi wa walioisoma barua ile wangekufa kabla haijatimia, na bado waliambiwa wapande.

Kuhusu kanisa la leo, ndugu wa Mathare, sikubali kwamba wote wamelala. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alikataa hadharani fedha ambazo Rais alikuwa ametoa kanisani Soweto, hapa Nairobi, akaagiza zirudishwe. Ni jambo moja, najua. Lakini lilifanyika.

KIJANA WA MATHARE

Jambo moja, umesema mwenyewe. Kwa hilo moja, hesabu basi viti vya mbele walivyopewa wanasiasa kila Jumapili kabla ya maandamano ya Juni 2024, hadi vijana walipoanza kupiga kelele makanisani. Na bado hakuna aliyenijibu kuhusu mstari wa 11.

MZEE WA PUMWANI

Kijana wangu, nami niseme japo si wa dini yenu. Sisi pia tunangojea kurudi kwa Nabii Isa, na Dajjal, yule mdanganyifu mkuu wa siku za mwisho, kushindwa. Na tumefundishwa katika hadithi ya Mtume kwamba Kiyama kikisimama na mkononi mwako una mche, ukiweza kuupanda, upande. Nimeyasikia maneno hayo tangu nikiwa mdogo hapa Majengo. Kiyama kimeshafika, mche huo hautazaa kamwe, na bado umeambiwa upande. Ni hayo tu.

MWALIMU WA JUMAPILI, UMOJA

Asante, mzee. Mama, maneno yako nimeyasoma mara tatu.

Kijana wa Mathare, nimekaa na mstari wako usiku kucha, kwa sababu ulinishika pabaya. Ni kweli, wanaambiwa wapumzike. Lakini tazama anayeambiwa ni nani. Ni waliokwisha kuuawa! Kazi yao wameimaliza, wamelipa kwa damu. Walio hai hawaambiwi hivyo popote katika kitabu kile. Rudi sura ya 2 na ya 3, kwenye barua za makanisa saba. Sardi wanaambiwa wakeshe, wayaimarishe yaliyo karibu kufa. Laodikia, waliotajirika na kujiona hawana haja ya kitu, wanaambiwa wawe na bidii, watubu. Mhubiri wetu alichukua maneno ya faraja ya wafu akawagawia walio hai, na hapo ndipo lilipo kosa. Kijana aliyezikwa ndiye aliyeambiwa apumzike. Sisi tulioshika majembe pale kaburini, hapana.

Kuhusu Shakahola sikupingi. Wafu wale wako mlangoni mwetu sote tunaofundisha unabii, na kila ninapofungua kitabu kile mbele ya watoto nawakumbuka. Kama tungewafundisha watu mapema kwamba Yerusalemu mpya inashuka, inakuja huku tuliko, na hakuna anayetumwa kuifuata msituni kwa njaa, labda baadhi wangeuliza maswali. Labda. Siwezi kusema zaidi ya hapo bila kudanganya.

Wala sina jibu kwa nini Mungu anakawia. Habakuki aliuliza hilohilo akaambiwa njozi ijapokawia, aingojee. Naye alingoja akiwa amesimama kwenye zamu yake, juu ya mnara, macho wazi.

Jana jioni nilikwenda kwa mama mfiwa. Nilimwomba radhi kwa kunyamaza pale kaburini, maana nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa mhubiri na sikufungua mdomo. Akaniuliza kama kuandikisha taarifa ni kukosa imani. Nikamwambia hapana. Mmoja wa wale vijana amekubali kwenda naye Jumanne asubuhi. Wa pili anaogopa, na simlaumu. Tunatafuta wakili wa kutusindikiza bila malipo, na watu wa kwenda nasi ili mama na kijana yule wasikae peke yao kwenye benchi.

KIJANA WA MATHARE

Kuhusu mstari wa 11, nitaufikiria. Sijasema nimekubali. Jumanne nina kibarua lakini naweza kubadilishana zamu. Mnakutana wapi?

MAMA WA MARIKITI

Mimi nitakuwa nimemaliza sokoni saa tatu. Mwambieni mama asiende na njaa, nitaleta chai.