Hati asili ninayo, lakini watu wanapima ploti yangu Kilifi: nijilinde vipi?

BintiMnarani aliuliza:

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi ni Mkenya ninayefanya kazi Doha, na nina ploti Kilifi niliyoinunua mwaka 2012 kwa mkopo ambao nimeumalizia huku ugenini. Hatimiliki imeandikwa jina langu peke yangu, na ile asili imefungiwa kabatini kwa mama. Wiki iliyopita jirani alimpigia mama simu akamweleza kwamba wameonekana watu wasiojulikana wakiwa na mpima, wakitafuta mawe ya mipaka, na walipoulizwa walijibu kwamba wanataka kununua na kwamba mwenye ardhi ameshawaonyesha hati. Kaka yangu alikwenda masjala ya ardhi akafanya upekuzi rasmi, na majibu yakatoka na jina langu, bila deni wala kizuizi chochote. Jamaa zangu wanasema nisihangaike maadamu hati ninayo. Mimi sijatulia, kwa sababu ploti hii ndiyo akiba yangu yote. Je, kuwa na hati asili kunatosha kunilinda? Na kama hakutoshi, nianzie wapi nikiwa mbali hivi?

KaraniWaZamani alijibu:

Waalaikum salaam, dada. Uko sahihi kutotulia. Nilifanya kazi ya ukarani katika ofisi za mawakili Mombasa kwa miaka mingi, na jambo ambalo ningependa kila mwenye ardhi alielewe ni kwamba umiliki wako unakaa katika sajili iliyoko masjala, na karatasi iliyo kabatini ni ushahidi tu wa kile kilichoandikwa kule. Sajili ikibadilishwa wewe hujui, karatasi yako itabaki nzuri kwa macho, lakini itakubidi uende mahakamani kuirudishia nguvu zake.

Watu wa namna hii hufuata mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kutengeneza hati bandia na kumuuzia mtu asiyefanya upekuzi. Hapo sajili haiguswi, na anayepoteza fedha ni mnunuzi, ingawa wewe utabaki na usumbufu wa mtu anayejenga kwenye ardhi yako akiamini ni yake. Ya pili ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mtu hujitokeza na kitambulisho chenye jina lako, huapa kwamba hati imepotea, huambatisha taarifa ya polisi, na kuomba hati mpya. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka Msajili atoe tangazo kwanza na kusubiri siku 60 kabla ya kutoa hati badala. Zikipita bila pingamizi, mdanganyifu anakuwa na hati iliyotoka serikalini kwenyewe, na mnunuzi akifanya upekuzi ataliona jina lako, atalilinganisha na kitambulisho alichoonyeshwa, na ataridhika.

Kwa hiyo siku hizo 60 ndizo nafasi yako. Gazeti rasmi la serikali hutoka kila Ijumaa na husomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Matangazo ya hati zilizopotea hutaja jina la mwenye ardhi na namba ya ploti. Mtafute mtu mmoja katika familia awe anayapitia kila wiki, na aanze na matoleo ya miezi michache iliyopita, kwa kuwa hatujui hao watu walianza lini. Ukiliona jina lako, mwandikie Msajili pingamizi siku hiyo hiyo na uambatishe nakala ya hati asili.

Hata kabla ya hapo, kaka yako apige ripoti polisi na apewe namba ya kitabu cha matukio, kisha ampelekee Msajili barua yako uliyoitia sahihi, ikieleza kwamba hujauza, hujapoteza hati, na hujamtuma mtu kuuza. Aombe pia nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani. Upekuzi wa kawaida unaonyesha hali ya leo, lakini kadi inaonyesha kila lililoingizwa tangu ardhi iandikishwe, kwa mfuatano wake, na hapo ndipo mkono wa mtu huonekana.

MzeeWaMtwapa alijibu:

Mwanangu, maneno ya karani ni ya kufuatwa. Mimi naongeza ya huko huko ardhini. Ploti iliyo wazi na kujaa majani ndiyo inayochaguliwa, kwa sababu dalali anaweza kumtembeza mnunuzi mchana kweupe bila kuulizwa na mtu. Weka ua, hata wa michongoma, na kibao kinachosema kwamba ardhi hii haiuzwi. Mwambie jirani aliyekupigieni simu kwamba mnamtegemea, na mumshukuru. Ukiweka mtu wa kulima au kulinda, mwandikiane mkataba unaosema yuko pale kwa ruhusa yako, maana anayekaa kwenye ardhi ya mwenzake waziwazi, bila ruhusa, kwa miaka 12, sheria yetu inamruhusu kwenda mahakamani kudai iandikwe jina lake.

Kama ploti bado inahesabiwa kuwa ya kilimo, haiwezi kuuzwa bila idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, kwa hiyo kaka yako akamwone karani wa bodi hiyo na kumwachia barua kama ile ya Msajili. Kodi ya ardhi ya kaunti nayo ilipwe kwa wakati, na risiti zitunzwe. Mwisho, ningekushauri uweke kosheni kwenye sajili, ili asiweze mtu kuhamisha chochote bila wewe kuarifiwa.

WakiliPwani alijibu:

Namheshimu sana mzee, ila hilo la kosheni linahitaji kurekebishwa, kwa sababu nimewaona watu wakirudishwa masjala kwa ajili yake. Kosheni, kwa kifungu cha 71 cha Sheria hiyo hiyo ya Usajili wa Ardhi, imewekwa kwa ajili ya mtu anayedai haki fulani juu ya ardhi, kwa mfano mnunuzi ambaye ameshalipa lakini bado hajahamishiwa. Mmiliki ambaye jina lake ndilo lililo kwenye sajili hadai haki kwa mwingine, kwa hiyo ombi lake laweza kukataliwa. Linalokufaa wewe ni agizo la kizuizi chini ya kifungu cha 76, ambacho kinampa Msajili uwezo wa kuzuia shughuli zote juu ya ardhi ili kukinga udanganyifu, akiombwa na mwenye maslahi au hata kwa hiari yake mwenyewe, baada ya kufanya uchunguzi. Ripoti ya polisi na maelezo ya jirani ndiyo yatakayoongezea ombi lako uzito, kwa hiyo jirani aandike alichokiona akiwa bado anakikumbuka vizuri.

Kuna swali ambalo hukuliuliza, nalo ni hili: itakuwaje iwapo ardhi imeshauzwa? Kifungu cha 26 kinaruhusu hati kupingwa ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu ambao mwenye hati alishiriki, na pia ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia ya ufisadi. Mahakama zetu zimekuwa kali katika hili. Mwaka 2013, katika kesi ya Munyu Maina, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba hati inapotiliwa shaka, haitoshi kuionyesha tu. Mwenye nayo lazima athibitishe jinsi alivyoipata kihalali. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilifuata mkondo huo katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu ardhi ya ufuoni Nyali. Kampuni ilikuwa na hati, na ilinunua kwa mtu mwenye hati, lakini majaji walirudi nyuma hadi ugawaji wa mwaka 1989, wakakuta utaratibu haukufuatwa, na wakaamua kwamba kununua kwa nia njema hakuwezi kuiokoa hati yenye asili mbovu.

Uamuzi huo unakusaidia, na wakati huo huo unakudai kitu. Siku ikifika, wewe pia utaulizwa ulivyoipata ardhi. Mkataba wa mauzo wa 2012, uthibitisho wa benki wa malipo, idhini ya bodi, fomu ya uhamisho na risiti ya ushuru wa stempu, vyote hivyo vikusanywe, vipigwe picha vizuri, na viwekwe mahali pengine mbali na ile hati. Nakala zilizopotea zitafutwe sasa, kwa kuwa ofisi ya wakili aliyewashughulikia inaweza kufungwa wakati wowote.

BintiMnarani aliandika:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Kuna jambo moja linanikera. Nilipoondoka nilimwachia kaka hati ya uwakilishi wa kisheria inayomruhusu kushughulikia mali zangu zote, pamoja na kuuza. Kaka namwamini, ila nakala yake ameshaipeleka katika ofisi kadhaa. Je, niiache ilivyo?

WakiliPwani alijibu:

Ibatilishe, na mweleze kaka yako kwamba unafanya hivyo kwa kumlinda yeye pia. Hati inayoruhusu kuuza, ambayo nakala zake zimeshazagaa, ndiyo ambayo mdanganyifu angependa kuiiga kuliko zote, kwa kuwa inamwondolea kazi ya kutafuta mtu wa kujifanya wewe. Andika nyingine itakayotaja namba ya ploti hiyo moja, na imruhusu kaka kufanya upekuzi, kuwasilisha barua na pingamizi, kuripoti polisi na kulipa kodi, huku ikisema wazi kwamba hana ruhusa ya kuuza, kukodisha wala kuweka rehani. Itie sahihi mbele ya afisa wa ubalozi wetu huko Doha. Ubatilisho wa ile ya zamani nao lazima usajiliwe masjala, kwani barua ya kumwarifu kaka peke yake haimfikii Msajili. Ziwasilishwe zote mbili siku moja, pamoja na ombi la kizuizi, na kaka asiondoke kaunta bila nakala zenye muhuri wa kupokelewa na tarehe.