Naomba ushauri: siku sita za kutembea kwa miguu vijijini, nikiwa na mama na mwanangu

Safari_ya_Mama

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 63 na amestaafu mwaka huu. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akisema ipo siku atatembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, bila gari na bila haraka. Miaka ikapita, kazi na malezi yetu vikammeza. Sasa nimepata likizo ya siku sita na nataka nimtimizie. Tutakuwa watatu: mama, mimi na mwanangu wa miaka 11.

Nimepanga kilomita 150, yaani 25 kila siku, na kila usiku tulale kijiji kingine. Njia nimeipima kwenye simu. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, tukitoka saa mbili asubuhi, saa saba mchana tumeshafika. Mama hana maradhi, ila goti la kulia humsumbua akishuka ngazi.

Je, mpango umekaa sawa? Tubebe nini? Na viatu: nimewanunulia wote vipya, nimeviacha kwenye boksi visije vikachafuka kabla ya siku yenyewe. Naombeni mawazo yenu.

Buti_Kuukuu

Dada, viatu vitoeni kwenye boksi leo hii. Mvae nyumbani, mvae mkienda shughuli zenu, kisha mtembee navyo saa mbili tatu mkiwa na mabegi mgongoni. Kiatu kikiwa na kasoro, ni heri uijue ukiwa karibu na mlango wako. Na mvijaribu jioni, maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Ukisimama kwenye mteremko, vidole visiguse ncha ya kiatu. Vikigusa, kucha zitaumia siku ya kwanza tu. Kucha zenyewe zikatwe siku chache kabla ya kuondoka.

Ramani_Mkononi

Nakupongeza kwa nia, dada, lakini hesabu yako imesahau milima.

Kuna kanuni ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892, na mpaka leo watu huitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua siku yako ya kilomita 25, tuseme ina mita 900 za kupanda ukijumlisha vilima vyote. Ni saa tano, ongeza saa moja na nusu. Sita na nusu. Hapo hamjakaa chini kula wala hamjasimama kutazama kitu, na kanuni yenyewe inamhesabu mtu mzima mwenye mazoezi.

Kwa bibi na mjukuu, mimi ningepiga kilomita 3 kwa saa. Kilomita 25 zinakuwa zaidi ya saa nane, ukiongeza kupanda mnakaribia kumi. Mkitoka saa mbili asubuhi, mtafika saa kumi na mbili jioni bila kupumzika hata mara moja. Mama yako hakuiota safari ya namna hiyo.

Kupima kwa simu ni sawa ikiwa umeifuata njia yenyewe, kona kwa kona. Kama uligusa kijiji hiki kisha kile, umepima anavyoruka ndege. Tafuta ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:50,000. Chukua uzi wa kushonea, ulowanishe kidogo ulale vizuri, uutandaze juu ya njia kwa ncha ya kidole, kila kona uipinde nayo. Kisha uunyooshe kwenye rula: kila sentimita 2 ni kilomita moja. Angalia pia mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Ikibanana, hapo ni mwinuko mkali.

Mwendo_Mrefu

Wakuu, msimtishe. Mimi natembea kilomita 30 kwa siku na ninafika na nguvu zangu. Watoke saa kumi na mbili alfajiri, wabebe vitu vichache, 25 zinatembeleka.

Ramani_Mkononi

@Mwendo_Mrefu kwako wewe zinatembeleka, na kwa siku moja huenda hata kwao. Ninachohofia ni siku ya tatu, uchovu wa siku mbili ukiwa bado miguuni. Kundi hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma, na aliye nyuma ndiye mwenye safari.

Muuguzi_Mstaafu

Mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi nina miaka 66 na bado natembea, kwa hiyo naomba tuongee kuhusu goti.

Maumivu wakati wa kushuka ngazi ni taarifa muhimu. Kupanda huchosha moyo na mapafu. Kushuka ndiko kunakoumiza goti, kwa kuwa kila hatua linapokea uzito wa mwili pamoja na begi. Amwone daktari kabla ya safari, amweleze wazi kwamba anakwenda kutembea siku kadhaa mfululizo. Mpatie fimbo mbili za kutembelea. Akipanda azifupishe, akishuka azirefushe kidogo, aziweke mbele yake kwanza ndipo ashushe mguu. Hatua ziwe fupi. Na wewe unapochagua njia, tafuta mteremko wa taratibu hata ukiwa mrefu zaidi.

Kulala kijiji tofauti kila usiku maana yake mama anabeba kila kitu chake kila siku. Mbona msikae kijiji kimoja siku mbili tatu, mkitoka asubuhi na begi dogo na kurudi jioni kwa njia nyingine? Goti likigoma, siku hiyo anabaki kupumzika na safari haivunjiki. Katikati muwe na siku moja isiyo na kilomita hata moja.

Soksi_Mbili

Nakazia soksi. Zisiwe za pamba: pamba ikilowa jasho haikauki upesi, na ngozi yenye unyevu ndiyo inayotoka malengelenge. Sufu au nyuzi za kutengenezwa ni bora.

Siku ya pili ya safari yangu ya kwanza nilihisi joto kwenye kisigino cha kushoto, kama mtu amegusisha kikombe cha chai. Nikajiambia nitaangalia tukifika. Tulipofika, soksi ilikuwa imegandana na ngozi, nikailowesha maji ndipo ikatoka, na chini yake nyama nyekundu upana wa sarafu. Safari yangu iliishia hapo. Kusimama dakika tano, kukausha mguu na kubandika plasta pale pale nilipohisi joto kungeniokoa. Mwambie mwanao hasa, kwa sababu mtoto hunyamaza asionekane anawachelewesha.

Filimbi

Ya usalama kwa haraka. Mwachie mtu njia yenu kwa maandishi na saa ya kufika, na mkifika mpigie. Ramani ipakuliwe kwenye simu kabla, maana mtandao hupotea mabondeni. Tochi ya kichwani kwa kila mmoja, koti la mvua hata kama anga ni jeupe, maji kama nusu lita kwa kila saa ya kutembea, zaidi kukiwa na joto. Mkisikia radi, shukeni kutoka kilimani na msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Mtoto avae filimbi shingoni: milio sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Hiyo ni ishara ya kuomba msaada inayotambulika milimani.

Mfundisheni sheria moja pia: akihisi amepotea, abaki pale alipo.

Safari_ya_Mama

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu na ninawashukuru kutoka moyoni. Jumamosi tulifanya jaribio la kilomita 9 zenye mita 200 za kupanda, mabegi mgongoni. Kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa na kanuni ya Naismith nilitegemea saa tatu na dakika ishirini. Tulitumia saa tatu na dakika hamsini, kwa kuwa tulipumzika mara mbili. Mngeniacha na mpango wangu wa kwanza, ningemuumiza mama.

Daktari amemruhusu, kwa sharti la fimbo na mazoezi ya mapaja kila asubuhi. Sasa tunakaa vijiji viwili tu. Siku ya kwanza kilomita 8, ya pili 12, ya tatu tunapumzika, ya nne 11 za kuhamia kijiji cha pili, ya tano 12, ya mwisho 9. Jumla 52 badala ya 150.

Nilidhani mama atasikitika. Aliitazama ramani kimya kwa muda, akaweka kidole kwenye siku ya tatu akauliza, "Hapa pana mto?" Upo, mita mia tatu hivi kutoka tutakapolala. Mwanangu ndiye aliyeupima kwa uzi.